Sura ya Sita: Kupanda Meli Kongwe

Aliyekata tiketi ya meli ya kitalii Astoria mwaka 2018 alikuwa anapanda chombo chenye historia nzito kuliko abiria wote waliomo ndani. Meli ile ilianza kazi mwaka 1948 kwa jina la Stockholm, ikitokea Gothenburg, Sweden. Usiku wa tarehe 25 Julai 1956, karibu na kisiwa cha Nantucket huko Marekani, iliugonga ubavu wa meli ya Italia, Andrea Doria. Watu 51 walikufa. Andrea Doria ilizama kesho yake asubuhi. Stockholm, omo yake imepondeka, ilijikongoja hadi New York ikiwa imebeba mamia ya waliookolewa.

Haikuishia hapo. Mwaka 1960 iliuzwa Ujerumani Mashariki, ikapeleka wafanyakazi likizo kwa zaidi ya miaka ishirini kwa jina la Völkerfreundschaft. Baadaye ikawa makazi ya waomba hifadhi mjini Oslo. Kisha Waitalia wakaichukua, wakaibakiza bodi tu, wakajenga upya karibu kila kitu kilichokuwa juu yake. Ikaitwa Italia Prima, Caribe, Athena, Azores. Jina la Astoria ilipewa mwaka 2016, na ilibeba watalii hadi 2020, ikiwa na miaka 72 ya kazi.

Ukongwe wa namna hiyo ni nadra. Meli kongwe ambayo msafiri wa leo atakutana nayo kwenye matangazo ya bei nafuu ni ya miaka ya 1990 au mwanzoni mwa 2000. Meli ikikaribia miaka 25, kampuni kubwa huanza kuiona mzigo: vyumba vyenye roshani ni vichache, injini zinakula mafuta, na haina yale mabomba ya kuteremkia majini ambayo watoto huyalilia. Basi huuzwa kwa kampuni ndogo, hupakwa rangi na kupewa jina jipya. Regal Princess ya mwaka 1991 leo ni Ambience. Rotterdam ya 1997 na Amsterdam ya 2000 zilinunuliwa na kampuni ya Fred. Olsen mwaka 2020, zikawa Borealis na Bolette. Hata Mombasa iliwahi kuwa na kongwe wake: miaka ya 1990 Royal Star, iliyoundwa Italia mwaka 1956 kwa jina la San Giorgio, ilikuwa ikitoka pale kupeleka watalii kwenye visiwa vya Bahari ya Hindi.

Na kongwe ana raha zake. Icon of the Seas, iliyoanza kazi mwaka 2024, ikijaa hubeba abiria wanaokaribia 7,600. Wa Borealis hawafiki hata 1,400. Tofauti hiyo huonekana kwenye foleni ya chai, kwenye ngazi ya kushukia, na kwenye ramani ya safari, maana meli ndogo huingia bandari ambazo zile kubwa huishia kuzitazama kwa mbali. Sitaha ya matembezi inayozunguka meli nzima, mbao chini ya miguu, maktaba yenye vitabu vya kweli: vitu hivi vimebaki zaidi kwenye meli za zamani. Anayetafuta kelele na taa atanung'unika wiki nzima. Anayetaka kuiona bahari atafurahi, na hela itabaki.

Swali la kwanza la kila mtu, hata asipolisema, ni kama itazama.

Umri peke yake haujibu swali hilo. Costa Concordia haikuwa imetimiza hata miaka sita ilipopanda mwamba kwenye kisiwa cha Giglio, Italia, tarehe 13 Januari 2012, wakafa watu 32. Carnival Triumph haikuwa imetimiza hata miaka kumi na mitano injini yake iliposhika moto Februari 2013, ikawaacha watu zaidi ya 4,000 wakielea Ghuba ya Mexico kwa siku kadhaa, vyoo vimekufa. Kilichoiponza ya kwanza ni uamuzi wa nahodha. Ya pili, bomba la mafuta lililovuja. Hakuna kati ya hayo linalohusu mvi.

Lakini kuna jambo moja ambalo kwalo ukongwe ulikuwa hatari ya kweli: moto. Meli za zamani zilijengwa kwa mbao nyingi ndani. Achille Lauro, ambayo ujenzi wake ulianza Uholanzi mwaka 1939, ilishika moto kwenye pwani ya Somalia tarehe 30 Novemba 1994 ikiwa na watu karibu 1,000, ikazama siku mbili baadaye. Miaka minne kabla ya hapo, moto ulioiteketeza feri ya Scandinavian Star katika bahari ya Kaskazini mwa Ulaya uliua watu 159, wengi kwa moshi. Kanuni zikabanwa. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, unaojulikana kama SOLAS, ulilazimisha hata meli za zamani kuwekewa mifumo ya kunyunyiza maji darini, na kuanzia tarehe 1 Oktoba 2010 ukapiga marufuku meli za abiria za kimataifa zilizojengwa kwa vifaa vinavyoungua. Meli nyingi za kupendeza za miaka ya 1950 na 1960 zilistaafu kwa sababu hiyo. Kwa hiyo kongwe anayetembea leo kihalali amekwisha kupita kwenye chekecheke ambalo wenzake wengi walibaki juu.

Kazi ya abiria ni kuhakikisha kwamba alipita kweli, na kazi hiyo hufanywa nyumbani kabla ya kulipa. Jina la meli halisaidii. Tumeona Astoria ilivyokuwa nayo mengi. Kinachosaidia ni namba ya IMO, tarakimu saba ambazo chombo hupewa mara moja tu na hubaki nacho hadi kinapokatwa vyuma chakavu, hata kibadili mwenye mali, bendera na jina mara kumi. Namba hiyo huandikwa kwenye bodi. Mtu akiiingiza kwenye Equasis, hifadhi ya taarifa za meli iliyo wazi bila malipo kwa anayejisajili, atapata mwaka wa kuundwa, bendera, shirika linalokagua ubora wake, na orodha ya ukaguzi uliofanywa bandarini. Aitafute hasa mistari inayoonyesha meli ilizuiwa kuondoka. Kuzuiwa mara moja miaka minane iliyopita si habari kubwa. Kuzuiwa mara mbili ndani ya miaka miwili kwa sababu ya mashua za kuokolea au vifaa vya kuzimia moto ni sababu tosha ya kutafuta meli nyingine.

Swali la pili ni chelezo. Meli ya abiria hufanyiwa ukaguzi wa cheti chake cha usalama kila baada ya miezi 12, na sehemu yake ya chini hutazamwa ikiwa nje ya maji walau mara mbili katika miaka mitano. Wakala mzuri anajua meli ilipanda chelezoni lini mara ya mwisho, au ana mtu wa kumuuliza. Meli iliyotoka chelezoni miezi michache iliyopita ina mazulia mapya, magodoro mapya na mabomba yaliyokaguliwa. Safari ya kwanza kabisa baada ya chelezo, hata hivyo, wenye uzoefu huikwepa: mafundi mara nyingi bado wamo ndani, rangi inanuka, na lifti moja imefungwa kwa utepe.

Kisha kuna jambo ambalo wasafiri hulisahau kwa sababu wamekodolea macho kutu: mfuko wa kampuni. Juni 2020 mamlaka ya Uingereza ilizizuia meli tano za kampuni ya Cruise & Maritime Voyages, Astoria ikiwa mojawapo, si kwa ubovu wa injini bali kwa masuala ya mikataba na haki za mabaharia. Julai kampuni ikafilisika. Marco Polo, meli yake kongwe iliyoundwa Wismar mwaka 1965 na kupendwa na wateja wake kupita kiasi, haikubeba watalii tena. Walioachwa salama ni waliokuwa wamelipa kwa njia yenye dhamana. Anayenunua safari ya meli ya kampuni ndogo aulize fedha yake inalindwa na nani, na alipe kwa kadi badala ya kutuma moja kwa moja kwenye akaunti ya benki.

Sasa chumba. Hapa ndipo meli kongwe humwadhibu asiyeuliza na kumzawadia aliyesoma ramani ya sitaha.

Kanuni bora ni fupi: chagua chumba chenye vyumba juu yake na vyumba chini yake. Meli za zamani hazikuwekewa vizuia sauti vingi, kwa hiyo chumba kilicho chini ya jiko kitaamshwa alfajiri na vikaango, na kilicho chini ya ukumbi wa dansi hakitalala kabla ya wanamuziki. Mbele kabisa, karibu na omo, mnyororo wa nanga hushuka saa kumi na mbili asubuhi kwa mlio unaotikisa meno. Nyuma kabisa, tezini, mtetemo wa rafadha hutembea kwenye kitanda. Mwenye usingizi mzito atauita bembea, mwingine ataomba kuhamishwa. Katikati ya meli na sitaha za chini ndiko kunakotulia zaidi, na kwa bahati nzuri mara nyingi ndiko kwenye bei nafuu. Wenye kutaka dirisha wachungulie kama mbele yake hakuning'inii mashua ya kuokolea, maana "mandhari iliyozibwa" kwenye tiketi inaweza kuwa na maana ya tumbo la mashua la rangi ya machungwa kwa siku kumi.

Mzee anayetembea kwa mkongojo, au kiti cha magurudumu, adadisi zaidi. Milango ya bafu kwenye meli nyingi za zamani ina kizingiti cha chuma kinachopita kifundo cha mguu. Milango ya kutokea sitahani ni mizito na ina vizingiti vyake. Lifti ni chache, na nyingine haziendi kila sitaha. Vyumba vilivyopanuliwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu vipo, lakini huisha mapema mno.

Umeme nao. Mwaka 1996 hakuna aliyedhani abiria mmoja angekuja na simu mbili, saa, kompyuta na spika. Chumba cha meli ya enzi hizo kina soketi moja au mbili mezani, kwa kawaida ya matundu mawili bapa ya Kimarekani na ya matundu mawili ya mviringo ya Ulaya. Plagi ya miguu mitatu ya Nairobi, Kampala au Dar es Salaam haiingii popote. Kinachofaa ni adapta na chaja moja yenye midomo mingi ya USB. Waya wa kuongezea soketi kampuni nyingi zimeupiga marufuku kwa hofu ya moto; ukionekana kwenye mashine ya kukagua mizigo unachukuliwa, pamoja na pasi na jagi la kuchemshia maji. Anayelala na mashine ya kusaidia kupumua aiandikie kampuni mapema, apewe waya uliopitishwa na mafundi wa meli. Kuta, kwa kuwa ni chuma, hushika sumaku: ndoano nne za sumaku hugeuka kabati la pili katika chumba kisicho na mahali pa kutundika koti.

Chuma hicho hicho huzuia mawimbi ya intaneti. Chumbani inaweza kukatika huku kwenye korido ikienda vizuri, na ndiyo maana usiku mtu huwakuta abiria wamekaa sakafuni nje ya milango yao wakizungumza na nyumbani. La hatari zaidi ni simu yenyewe: meli nyingi zina mtandao wa simu unaopitia setilaiti, na simu ikijiunga nao bila mwenyewe kujua, bili yake humaliza hamu ya likizo. Iwekwe hali ya ndege tangu meli inapong'oa nanga.

Vyoo vya meli hunyonya kwa nguvu ya hewa kupitia mabomba membamba yaliyounganisha vyumba vingi. Kitambaa kimoja cha kujipangusia mtoto kinatosha kuziba korido nzima. Kwenye meli changa mafundi hulimaliza tatizo kwa saa moja. Kwenye kongwe huweza kuchukua nusu siku.

Je, inakwenda mrama zaidi? Inategemea ilijengwa kwa kazi gani. Marco Polo iliundwa kwa njia ya Leningrad hadi Montreal, kuvuka Atlantiki ya Kaskazini kwa ratiba. Meli za namna hiyo hukaa ndani zaidi ya maji, zina omo ndefu iliyochongoka, na hukata wimbi badala ya kulipanda. Nyingi za miaka ya 1990 zilijengwa kwa bahari ya joto iliyotulia, na zikikutana na Ghuba ya Biscay mwezi Novemba hujieleza zenyewe. Mapezi ya pembeni hupunguza kuyumba huku na huku, lakini hayasaidii omo inapopanda na kushuka. Dawa ya kichefuchefu humezwa kabla, si baada ya kuanza kutapika. Tangawizi, hewa ya nje na macho kwenye upeo wa bahari huwasaidia wengi. Kulala kifudifudi kwenye chumba kisicho na dirisha hakumsaidii mtu.

Zoezi la dharura lataka aya zake.

Tarehe 3 Agosti 1991 meli ya Kigiriki Oceanos iliondoka East London, Afrika Kusini, kwenda Durban, kukiwa na dhoruba. Iliundwa Ufaransa mwaka 1952 kwa jina la Jean Laborde, kwa ajili ya njia ya Madagaska na Mauritius. Usiku ule maji yaliingia kwenye chumba cha jenereta, umeme ukakatika. Bomba lililopita kwenye ukuta wa kuzuia maji lilikuwa limefunguliwa kwa matengenezo na halikurudishwa ipasavyo; ukuta uliojengwa kuitenga sehemu moja na nyingine ukawa na tundu. Maji yalipanda kwa njia za maji machafu, yakatokea kwenye sinki na vyoo vya sitaha za juu. Hapakutolewa tangazo lolote la kuwaambia abiria waondoke. Baadhi ya mabaharia walikwisha kushuka. Kazi ya kuwapanga watu, kupiga redio na kuwapandisha kwenye helikopta ilifanywa kwa sehemu kubwa na wasanii wa meli, akiwemo mpiga gita Moss Hills, huku nahodha Yiannis Avranas akiondoka wakati abiria bado wamo ndani. Oceanos ilizama alasiri ya tarehe 4. Watu wote 571 waliokolewa.

Kisa hiki huwa kinasimuliwa kwa ajili ya ushujaa wa mpiga gita, na anastahili. Abiria, hata hivyo, akizingatie kwa sababu nyingine: taa zilizimika na hakuna aliyetangaza kitu. Tangu Januari 2015 sheria inataka zoezi lifanyike kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka, lakini siku hizi kampuni nyingi huridhika na video fupi na kupita kituoni kuandikwa jina. Hiyo haitoshi kwenye meli kongwe, ambayo korido zake zina kona zilizoongezwa kila ilipobadili mwenyewe. Abiria atembee njia mwenyewe siku ya kwanza: kutoka kitandani hadi ngazi, mkono ukutani, akihesabu milango. Halafu aitafute njia ya pili, kwa upande wa pili. Ajue jaketi la kuokolea liko chumbani au kituoni. Milio saba mifupi ikifuatwa na mmoja mrefu ni wito wa kwenda kituoni, na mtu harudi chumbani kuchukua pasipoti.

Kuhusu tumbo, adui mkuu ni virusi vya noro, ambavyo havichagui umri wa meli. Dawa ya kupaka mikononi haiviwezi vizuri. Sabuni na maji ndiyo silaha. Kwa meli zinazoingia bandari za Marekani, wakaguzi wa afya wa nchi hiyo hupanda bila taarifa na kutoa alama hadi 100, na anayepata 85 au chini ya hapo amefeli. Matokeo huwekwa hadharani, na ripoti husomeka kwa urahisi: friji yenye joto, kigae kilichopasuka jikoni, mdudu mmoja chini ya kaunta. Kongwe nyingi hufaulu.

Saa ya meli ni sheria. Machi 2024 Norwegian Dawn, meli ya mwaka 2002, iliwaacha abiria wanane São Tomé kwa sababu walichelewa kurudi kutoka matembezi waliyojipangia. Walilazimika kuikimbilia kwa ndege na barabara hadi Senegali. Kwa Mwafrika Mashariki kuachwa kuna kero ya ziada, viza. Safari inayotoka Barcelona, ikapitia Tunis na kuishia Marseille, ni kuingia Schengen mara mbili, hivyo viza ya kuingia mara moja tu haifai. Inayotoka Southampton kwenda Norway inataka viza ya Uingereza na ya Schengen. Cheti cha homa ya manjano kibebwe. M-Pesa haina kazi ndani ya meli: matumizi yote huandikwa kwenye akaunti inayofungwa kwa kadi ya benki, na kadi ya akiba inaweza kushikiliwa kiasi fulani kila siku hadi baada ya safari, jambo linalowaacha wengi bila nauli ya kurudi. Bahashishi ya wahudumu huongezwa kila siku bila kuombwa. Iulizwe kabla, ihesabiwe kwenye bei.

Anayesita anaweza kuonja kwanza. Queen Elizabeth 2, iliyovuka Atlantiki kuanzia 1969 na kustaafu Dubai mwaka 2008, imefungwa gatini Mina Rashid na tangu 2018 ni hoteli. Wapo Waswahili wengi wanaofanya kazi Dubai au wanaopita pale kwa biashara, na usiku mmoja katika chumba chenye dirisha la mviringo utamwonyesha mtu upana halisi wa bafu, uzito wa mlango na urefu wa korido. Mtetemo wa injini hautakuwapo, wala mawimbi. Hayo atayakuta atakapokata tiketi.